Pango la Kukimbilia

Pimbi wa jabali moja walimwogopa chatu kuliko moto. Kiongozi wao, Mzee Kirumbe, mpenda utaratibu, aliwafanyisha zoezi kila asubuhi: mlinzi akipiga mbinja, wote mbio pangoni, kimya, kwa mstari.

"Na pango lenyewe nani hulikagua?" aliuliza Bi Sikitu, asiyechoka kuuliza.

"Pango ni letu tangu enzi za mababu, Bi Sikitu. Likaguliwe la nini?"

Asubuhi moja mlinzi aliliona gamba la chatu juu ya jiwe, limevuliwa, bado bichi. Akapiga mbinja. Pimbi wote wakaingia pangoni bila kukanyagana.

"Mmeona?" Mzee Kirumbe alinong'ona gizani. "Hakuna aliyebaki nje."

"Hakuna, Mzee," sauti baridi ilimjibu kutoka ndani kabisa. "Leo hata mimi nimewahi."