Makaa ya Kuomba

Tangu Tunu aingie kundi la mhubiri aliyeitwa Mtumishi, moshi haukuonekana tena jikoni kwake. Asubuhi hiyo jirani yake, Sikudhani, alichukua kigae akaenda kuomba makaa, ingawa kwake moto ulikuwa unawaka.

"Leo hatujapika, shoga."

"Na jana?"

"Tumefunga. Mtumishi kasema mbinguni tumekaribia."

"Na mtoto naye kafunga?"

Sikudhani alimpita Tunu mlangoni, akachungulia mafigani. Kuku alikuwa ameatamia mayai kwenye majivu. Kando yake mtoto alikuwa amelala, midomo imemkauka.

Sikudhani alitoka uani akapiga ukunga. Wanawake wakaja mbio, mmoja na sufuria ya uji. Tunu alitanua mikono kuziba mlango, lakini macho yake hayakubanduka kwenye ule uji.