Machozi kwa Bi Nungunungu

Tegeni masikio, na mbavu zenu mzishike. Kimbunga kilibeba nyumba ya Bi Nungunungu, paa na kuta, kikamwachia watoto na birika. Wanyama wakamiminika kutoa pole. Fisi aligaragara chini, Kiboko akalia mpaka tope likaongezeka, Mbuni akazimia mara mbili. Kisha wakatulia, wakaulizia chai. Hakuna aliyeinua hata nguzo moja ya kumjengea.

Bi Nungunungu akawamiminia chai, huku akiwapima kwa macho.

"Jamani, kwetu anayelia kuliko wote msibani ndiye ndugu wa karibu, na ndugu ndiye anayetuchukua kwake. Basi nahamia leo, na wanangu wote na miiba yao. Ni nani huyo?"

Vikombe vikawekwa chini haraka.

"Mimi nilikuwa napiga chafya tu," akasema Fisi.

"Mimi hata hatujuani vizuri," akasema Kiboko, ameshakumbatia nguzo.

Kufika jioni nyumba ilikuwa imesimama, na hakuna aliyethubutu hata kuvuta kamasi. Mbuni alikuwa akiezeka fungu la mwisho la nyasi, vumbi likamwingia jichoni, chozi likamdondoka.

"Wanangu, njooni!" akaita Bi Nungunungu, akibeba birika lake. "Udongo wa kuta bado mbichi, humu hatulali leo, na shangazi yenu kapatikana!"