Maua Nyuma ya Jiko

Katika kibanda cha gemu, Tunu aliikatakata mizimu ya mifupa kwenye skrini, akasaga mifupa yao na kunyunyizia unga kwenye nyasi za nyumba aliyoijenga humo kwenye gemu, mfano wa nyumba ya dada yake aliyetoweka. Unga ukigusa nyasi, maua huchipuka popote yapendapo. Mara hii yalichipuka mekundu, nyuma ya jiko.

Mbwana, mume wa dada yake, alikuwa amekuja kumwita. Akayaona.

“Nani kakwambia ni nyuma ya jiko?” akafoka, akainua stuli na kuipasua skrini. Vipande vikamchana Tunu shavu.

“Shemeji,” alisema, damu ikimchuruzika, “maua yamejiotea tu.”

Wachezaji wengine wakaacha gemu zao, wakainuka. Mwenye kibanda akafunga mlango, akauegemea. Tunu akauliza nani ana jembe.