Duara la Waya

"Majani matupu haya," alisema mtendaji wa mji, trekta likinguruma nyuma yake. "Leo tunalima."

Nakijwa, mlinzi wa hifadhi ile ya nyasi, alicheka, akamkabidhi duara la waya lenye upana wa sinia. "Geuka, mheshimiwa, ulirushe nyuma, usije ukasema nimekuchagulia. Aina za maua ndani yake zisipofika tano, napanda trekta nakulimia mwenyewe."

Mtendaji akarusha. Akapiga magoti na suruali yake iliyonyooka kwa pasi, akahesabu kwa sauti: la njano, la zambarau, jeupe lenye ndevu. Kwenye la tisa, sauti ilishuka.

"Endelea, baba. Chini ya majani hujafunua."

Dereva akazima trekta, akashuka, akavua viatu kabla ya kukanyaga nyasi.