Meno ya Kulungu

Sengondo, mkuu wa wawindaji, alisimamisha kijiti cha kupimia ubavuni mwa pembe ya kulungu. Pembe ilipungua upana wa kidole. Kwa sheria yao, anayeua dume asiyefika kijiti hunyang'anywa gobore.

"Huyu ni mzee, shemeji," alisema Mbelwa, aliyemuua. Akapiga magoti, akamfunua mnyama midomo. "Tazama meno yalivyolika mpaka ufizini. Hizo pembe kazisugua miambani mpaka zikaisha ncha."

"Ungemwomba apanue kinywa kabla hujafyatua," mwindaji mmoja akadakia, wenzake wakacheka.

Sengondo hakucheka. "Ni mzee kweli, naona. Lakini juzi nimemnyang'anya mwanangu mwenyewe kwa pembe fupi. Leo nikipima meno, yeye nitamwambia nini?"

Mbelwa aliinuka, gobore begani. Tangu mto uchukue shamba lake, gobore hilo ndilo lililowalisha wanawe. Sengondo alimvua begani taratibu, kama amvuaye mgonjwa nguo.

Kisha, kwa kuwa desturi ni desturi, wakamkatia Mbelwa paja, fungu la aliyeua, wakamwekea juu ya jani pana. Nyama ilikuwa bado ina joto, misuli ikichezacheza.