Kupe wa Huko na wa Huku

Yangeyange alirudi kutoka safari ndefu mabawa yakimuuma na tumbo likiwa tupu. Akaenda moja kwa moja kwa Nyati, tajiri wake wa zamani, aliyekuwa amemwajiri amchopoe kupe mgongoni.

"Karibu, tupe habari," alisema Nyati.

Yangeyange akazimwaga: milima yenye theluji, maziwa yasiyoonekana ng'ambo, ndege wa kila rangi.

"Macho yaliyoona hayo yote hayatatulia mgongoni kwangu," Nyati akasema. "Kazi nimeshampa mwingine."

Kwa Kifaru habari zikawa zilezile, na jibu lilelile. Kwa Kiboko hakumaliza hata mlima wa kwanza. Mwenyeji alizama zake majini.

Mchana akatua mgongoni kwa Punda mzee bila hata kupiga hodi. Kwa mazoea tu, mdomo wake ukachopoa kupe mmoja. Kisha mwingine.

"Nasikia ulisafiri," Punda alisema, akifumba macho kwa raha. "Huko kuna nini?"

Yangeyange alimeza kwanza.

"Kupe, babu."

"Kama hawa?"

"Kama hawahawa."

"Basi kesho uwahi," alisema Punda. "Shingoni ndiko waliko wengi."