Viatu Mlangoni kwa Mjane

Viatu vilikuwa vya kiume, namba arobaini na tano, vimepangwa mlangoni kwa mjane saa nne asubuhi.

"Andika," mzee wa kanisa alimwambia katibu wake. Katibu akaandika: viatu, jozi moja, vikubwa mno.

Chumba kilikuwa mali ya kanisa. Mjane alikaa bure tangu mumewe afariki, kwa sharti moja: asiingize mwanamume. Akikutwa naye, anatoka, na mpwa wa mzee wa kanisa, ambaye kwa bahati tu alikuwa akitafuta chumba, anahamia. Mzee alikuwa ameshapima dirisha kwa ajili ya pazia, kutokea nje.

Lisemwalo lipo. Mwanzoni mjane alikuja ibadani macho mekundu; wezi walikuwa wamevunja nyumba mbili za jirani, naye hapati usingizi kwa hofu. Sasa ghafla ananawiri. Akiulizwa, anacheka: "Siogopi tena, dada zangu. Siko peke yangu."

"Mjane hanawiri bure," alisema mzee, kama mtu aliyefanya utafiti.

Wakatega sikio. Ndani, mjane alikuwa akinong'ona: "Usiniache. Tangu ulipokuja, nalala kama mtoto."

Katibu akavunja ncha ya penseli.

Mzee akabisha. "Mama, ni sisi wazee wa kanisa! Uko na nani humo?"

"Bwana yumo!" sauti ikajibu, bila hata chembe ya aibu. "Karibuni ndani, wazee wangu. Yeye hamfukuzi mtu."

Kiti kikakwaruza sakafu. Wawili hao wakavitazama vile viatu, wakakadiria ngumi za mwenye viatu. Ikawa mguu niponye mpaka barabarani. Kofia ya mzee ilibaki imenasa kwenye ua.

Jumapili, baada ya ibada, baraza likakaa. Katibu akasoma taarifa yake: "Tulifika. Tuliambiwa bwana yumo ndani. Tukakimbia."

Mchungaji akakohoa. Mjane alikuwa amesimama mbele yao. Wakimtoa pale, hana pengine pa kwenda.

"Vile viatu ni vya nani?" mzee akaunguruma.

"Vya marehemu mume wangu. Naviweka mlangoni kuwatisha wezi."

"Usitufanye watoto, mama! Tulikusikia kwa masikio yetu ukiongea na mtu aliye hai."

"Ni kweli, mzee wangu. Yu hai."

Baraza zima likaguna. Mzee akasimama, kidole juu, chumba cha mpwa wake kikiwa kama kimeshapatikana.

"Basi mwite! Mwite huyo bwana wako hapa hapa, sote tumwone!"

Mjane akapiga magoti sakafuni, akafumba macho, akamwita.